Jeni Hazina Sultani

Neno baya katika elimu lina madhara kuliko kukosa neno. Mtu aliyekosa neno hujua kwamba amekosa, naye huuliza. Mtu aliyepewa neno baya hudhani kwamba amekwisha pewa maarifa, naye hunyamaza. Nakusudia kuhojiana na neno moja la namna hii, ambalo limeanza kukaa katika midomo ya wanafunzi wetu, na ya baadhi ya walimu wao, kama kwamba ni neno la haki. Neno lenyewe ni "jeni mtawala". Husemwa kwamba katika mwili wa kila kiumbe ziko jeni za kawaida, ambazo ni raia, na ziko jeni chache kubwa, ambazo ni watawala. Kwamba moyo una jeni yake iuamuruyo utokee, na damu ina jeni yake iiamuruyo itokee. Na kwamba mwanafunzi akiisha kulitaja jina la mtawala, amemaliza kuueleza ufalme.

Nasema kwamba usemi huo si kweli, na kwamba ushahidi wa kuukanusha umo katika mwili wa mdudu asiyezidi punje ya mtama, yaani nzi wa matunda. Nasema pia kwamba kosa hili si la wataalamu wa viumbe peke yao. Ni kosa la lugha. Na kwa kuwa ni la lugha, sisi walimu wa Kiswahili tuna haki ya kulisemea, tena tuna wajibu. Najua wako watakaouliza, mwalimu wa lugha ana shughuli gani na moyo wa nzi? Nawajibu kwamba mtu atiaye jina hutia na fikira. Tukikaa kimya wakati jina linapotiwa, hatutakuwa na ruhusa ya kulalamika wakati fikira inapoota mizizi.

Nzi nimtajaye si nzi wa chooni wala nzi wa nyama. Ni yule mdogo mwenye macho mekundu, azungukaye ndizi zilizoiva mno na vibuyu vya tembo. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster. Wako watu wamdhaniao kuwa mdudu wa maabara za Ulaya na Marekani, na kwa sababu hiyo huyaona maarifa yake kuwa mali ya wageni. Hawajui kwamba asili yake ni Afrika kusini ya Sahara, na kwamba mwaka wa 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini, katika vilima vya Matobo huko Zimbabwe, akikaa na kula katika matunda ya mng'ongo. Alitoka kwetu, akafuata vyakula vya binadamu duniani kote, na mwanzoni mwa karne ya ishirini akaingia katika chupa za maziwa za Thomas Hunt Morgan, mjini New York. Mwaka wa 1910 Morgan alimwona nzi mmoja dume mwenye macho meupe, na kwa kufuata uzao wake akaonyesha kwamba jeni zimo katika kromosomu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1933. Mwaka wa 1995 tuzo hiyo hiyo walipewa Edward Lewis, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, kwa kazi yao juu ya jeni ziongozazo ujenzi wa kiinitete cha nzi huyu. Sababu ya kumpenda ni nyepesi: yai lake hutoa funza kwa muda wa siku moja, na baada ya siku kama kumi yuko nzi mzima. Mtu aweza kuharibu jeni leo, akayaona matokeo yake kabla ya mwezi kuandama.

Moyo wa nzi huyu haufanani na wetu kwa umbo. Ni mrija mwembamba ulalao chini ya ngozi ya mgongo. Sehemu yake ya nyuma ni pana kidogo, ina matundu ya kuingizia damu, nayo ndiyo moyo hasa. Sehemu ya mbele ni nyembamba, nayo huitwa aota. Damu yake si nyekundu, wala haibebi hewa ya kupumua, maana hewa huingia kwa mirija mingine ifungukayo ubavuni. Damu hiyo haifungwi katika mishipa kama yetu, bali huviogesha viungo vyote, kisha hurudi moyoni. Katika kiinitete mrija huo hujengwa kwa seli 104 za misuli, yaani jozi 52, ambazo huanza katika safu mbili, ya kulia na ya kushoto, zikasogea mpaka zikakutana katikati ya mgongo. Ni kiungo kidogo, chenye seli za kuhesabika. Kwa hiyo hapana mahali pafaapo kuliko hapa kwa mtu atakaye kuuliza, ni nani aliyeziambia seli hizi ziwe moyo?

Wapendao watawala wana jibu tayari: ni jeni iitwayo tinman. Na ni kweli kwamba mwaka wa 1993 Rolf Bodmer alieleza kwamba kiinitete ambacho jeni hiyo imeharibika hakiundi moyo kabisa. Jina lake lilitolewa katika hadithi ya L. Frank Baum ya mwaka wa 1900, ambamo yuko mtu wa bati aliyekuwa hana moyo. Wasomi walifurahi, magazeti yakafurahi, na jeni ikatiwa kilemba. Lakini na tulitazame jina hili kwa macho ya watu wa lugha. Jeni haikuitwa kwa kazi yake. Iliitwa kwa hasara ipatikanayo ikiharibika. Ndiyo desturi ya watafiti wa nzi. Jeni ya kwanza ya Morgan iliitwa "nyeupe" kwa sababu ikivunjika jicho huwa jeupe, hali jeni nzima kazi yake ni kusaidia kulitia jicho rangi. Basi jina la jeni katika elimu hii ni jina la pengo. Hutuambia ni kitu gani kilichokosekana mahali fulani; halituambii ni nani aliyekitenda.

Hapa ndipo penye kosa la hoja. Kutoka "bila hii, ile haipo" watu huruka mpaka "hii ndiyo iitendayo ile". Mchuzi usiotiwa chumvi hauliki, lakini chumvi haikuupika mchuzi. Katika mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ukikata mshono mmoja maji yataingia, na pengine chombo kitazama. Lakini hapana baharia mwenye akili atakayesema kwamba mshono ule ndio uliokuwa nahodha. Kuvunja hutufundisha kwamba kitu kinahitajiwa. Hakutufundishi kwamba kitu hicho peke yake kinatosha, wala kwamba kinatawala.

Sasa na tuusikilize ushahidi wenyewe. Kiinitete kikiwa na umri wa saa chache tu, seli zake hujipanga katika matabaka, la nje, la kati na la ndani. Katika tabaka la kati jeni nyingine, iitwayo twist, huiwasha tinman. Haiiwashi mahali pa moyo peke yake. Huiwasha katika tabaka la kati lote. Kama tinman ingekuwa sultani ambaye neno lake halirudi, tabaka zima lingegeuka kuwa moyo, na nzi angezaliwa akiwa ni moyo mtupu. Lakini sehemu kubwa ya tabaka hilo huwa misuli ya kutembea na kuruka, sehemu nyingine huwa mafuta ya mwili na misuli ya tumbo, na sehemu ndogo sana ndiyo iwayo moyo. Mtawala yuko kila mahali, na utawala haupo.

Ni nini basi kiamuacho? Mwaka wa 1995 Manfred Frasch alionyesha kwamba tinman hubaki ikiwaka upande wa mgongo tu, kwa sababu tabaka la nje lililo juu yake hutoa protini iitwayo Dpp, ambayo huvuka na kuzigusa seli za tabaka la kati. Mahali Dpp isipofika, tinman huzimika. Lakini hata hilo halitoshi. Tabaka la nje hutoa pia protini nyingine, Wingless, kwa mistari mistari kama ya shuka. Mahali mstari wa Wingless unapokatana na eneo la Dpp, hapo ndipo seli za moyo huchipuka. Na mahali Dpp ilipo pasipo Wingless, seli hizo hizo zenye tinman huelekea kuwa misuli ya utumbo. Jambo hili la mwisho yafaa tulikariri, maana aghalabu husahauliwa: kiinitete kilichokosa tinman hakikosi moyo tu, hukosa pia misuli ya utumbo. Jeni isemwayo kuwa ya moyo ni ya utumbo vile vile. Lau watafiti wangelitazama tumbo kwanza, tungalikuwa leo tunafundisha habari za "mtawala wa matumbo".

Tena tinman haifanyi kazi peke yake hata pale palipo pake. Iko pamoja na pannier, na pamoja na jeni za Dorsocross. Na protini za jeni hizi huziwasha jeni za wenzao na kuzisaidia zisizimike, kama mafiga matatu yanavyosimamisha chungu. Figa moja haliinjiki chungu, hata likiwa kubwa namna gani. Iko na jeni iitwayo u-shaped, ambayo protini yake huishika ile ya pannier na kuupunguza nguvu wingi wa seli za moyo zinazofanywa. Moyo ukiisha kujengwa, katika kila nusu ya pingili kubwa za mwili huhesabiwa seli sita za misuli ya moyo. Nne hubaki na tinman, na mbili huizima, zikaiwasha jeni nyingine iitwayo seven-up. Katika sehemu ya nyuma, seli hizo mbili ndizo zifanyazo matundu ambayo damu huingilia. Kwa hiyo ndani ya moyo wenyewe zimo seli za moyo zisizo na huyo asemwaye kuwa mtawala wa moyo, nazo zina kazi ambayo pasipo hiyo moyo usingepata damu ya kusukuma. Wala tinman haiwezi kusema ni kipande gani cha mrija kiwe moyo hasa na kipi kiwe aota; hilo hutegemea jeni nyingine kabisa, iitwayo abdominal-A, iwakayo upande wa nyuma wa mwili.

Nitoke moyoni niingie katika damu, maana huko ushahidi ni mkali zaidi. Nzi ana seli za damu za aina chache. Zilizo nyingi mno ni zile zimezazo vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Chache, kama tano katika mia, huitwa seli za fuwele, nazo husaidia kuziba jeraha na kulitia weusi. Aina ya tatu, iliyo bapa, huonekana hasa nyigu fulani anapotaga yai ndani ya mwili wa funza. Seli hizo hulizunguka yai la adui na kulifunga kama sanda. Jeni iitwayo serpent ikiharibika, kiinitete hukosa seli zote za damu. Mara tu watu wakasema, huyu ndiye sultani wa damu. Lakini serpent hiyo hiyo yahitajiwa na mafuta ya mwili, na yahitajiwa na sehemu ya utumbo. Sultani gani huyu ambaye katika mtaa mmoja amri yake huzaa damu, na katika mtaa wa pili amri ile ile huzaa mafuta?

Siri ni kwamba serpent hutenda kwa wenzake. Ikikutana na protini ya jeni lozenge, seli huelekea kuwa ya fuwele. Lucas Waltzer na wenzake wa Toulouse, Ufaransa, walionyesha mwaka wa 2003 jinsi protini hizo mbili zinavyoshirikiana katika kuziwasha jeni za seli hizo. Ikiwako u-shaped, ile ile tuliyoiona moyoni, njia ya kuwa seli ya fuwele huzuiwa. Nancy Fossett, Robert Schulz na wenzao walieleza mwaka wa 2001 kwamba u-shaped ikipungua seli za fuwele huzidi, na ikizidi hupungua. Ama seli zimezazo, hizo zahitaji pia jeni iitwayo gcm. Na gcm ina kisa cha kufundisha kuliko zote. Iligunduliwa katika mishipa ya fahamu, ambamo huzifanya seli changa ziwe seli za kuzitunza neva, na jina lake ni kifupi cha maneno yaelezayo kukosekana kwa seli hizo za neva. Basi jeni moja, protini moja, herufi zake hazikubadilika hata moja: katika neva hufanya watunzaji wa neva, katika damu hufanya wamezaji wa vijidudu. Yeyote asemaye kwamba maana ya jeni imo ndani ya jeni peke yake, na anieleze hilo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hastaajabu. Anajua kwamba neno "paa" likisimama peke yake halina hukumu. "Paa limevuja" ni habari ya nyumba. "Paa amekimbia" ni habari ya mnyama. "Paa na ndege" ni habari ya kwenda juu. Herufi ni zile zile. Maana hutolewa na jirani. Tena katika jeni haja ya jirani ni kubwa kuliko katika maneno. Protini za serpent na pannier ni za jamaa moja, nazo huitambua DNA kwa shina la herufi nne, G, A, T, A. Kwa hesabu ya bahati tupu, herufi nne kwa mpango huo huweza kutokea mara moja katika kila nafasi 256, na DNA ya nzi ina nafasi zaidi ya milioni mia moja. Protini iliyojua herufi hizo tu ingekuwa kama mjumbe aliyeambiwa peleka barua kwa Juma wa Unguja. Atawakuta akina Juma wengi mno. Hawezi kufika pasipo kuambiwa mtaa, na ukoo, na jirani. Mtaa huo, ukoo huo na jirani hao ndizo protini nyingine zishikazo DNA mahali pale pale, kwa wakati ule ule.

Liko jambo moja zaidi, nalo lauunganisha moyo na damu. Funza wa nzi ana tezi ndogo ya kufanyia damu, iliyo kando ya mrija wa moyo upande wa mbele. Mwaka wa 2004 Lolitika Mandal, Utpal Banerjee na Volker Hartenstein walionyesha kwamba seli za tezi hii na seli za moyo hutoka katika chimbuko moja, na kwamba seli mama moja yaweza kugawanyika, mtoto mmoja akawa wa moyo na wa pili akawa wa damu. Ndugu hawa wamezaliwa na jeni zile zile. Kinachowatenganisha ni mazungumzo yapitayo kati ya seli na seli, ambayo kwayo upande mmoja huelekea tezi na upande mwingine huelekea mrija. Kama kila mmoja angekuwa na sultani wake tangu mwanzo, mama mmoja asingaliweza kuwazaa wote wawili.

Najua majibu ya wapinzani wangu, nami sitaki kuyaficha. Jibu la kwanza, lenye nguvu, ni jicho. Mwaka wa 1995, katika maabara ya Walter Gehring huko Basel, Uswisi, jeni iitwayo eyeless iliwashwa mahali pasipo pake, na nzi wakaota macho miguuni, mabawani na katika papasi zao. Je, huyo si mtawala? Nasema ni ajabu kubwa, wala siidharau. Lakini macho hayo hayakuota kila mahali. Yaliota katika vichipukizi fulani vya mwili ambavyo tayari vilikuwa na uwezo wa kupokea, na kwa msaada wa jeni nyingine za jicho ambazo eyeless yenyewe haifanyi jicho pasipo hizo. Mbegu nzuri huota katika udongo ulio tayari. Ikianguka juu ya jiwe haioti. Tukimsifu mpanzi tusiusahau udongo.

Jibu la pili ni la walimu. Husema, tunajua kwamba mambo ni mengi, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ahitaji picha nyepesi, na mtawala ni picha nyepesi. Nakubali kwamba ahitaji picha. Sikubali kwamba picha nyepesi lazima iwe ya uwongo. Mafiga ni picha nyepesi, mshono wa mtepe ni picha nyepesi, nazo hazimlazimishi kusahau kesho alilojifunza leo. Na tusijidanganye kwamba picha ya mwaka wa kwanza hufutika mwaka wa tatu. Aghalabu mwanafunzi huondoka nayo chuoni, akaenda nayo hospitali, na shuleni, na kwao.

Jibu la tatu ni la wenye hadhari, nao wananiuliza: ukiukataa usultani, hutauleta ujumbe wa baraza mahali pake? Je, protini hukaa barazani zikashauriana? Swali hili ni la haki, na jibu langu ni kwamba siuleti. Baraza nalo lina nia na maneno, na protini hazina nia wala maneno. Ndiyo maana dawa ya ugonjwa huu si kubadili cheo kwa cheo. Dawa ni kuacha vyeo na kurudi kwenye vitenzi. Kiswahili ni lugha tajiri wa vitenzi kuliko lugha nyingi: protini hushika, huwasha, huzima, huzuia, huongeza, hupunguza, husaidiana, hushindana, hutegemeana. Kila kimoja cha vitenzi hivi kinaweza kupimwa maabara. "Hutawala" hakiwezi kupimwa, kwa kuwa hakisemi ni kitu gani kilichotendeka.

Mtu aweza kusema kwamba ugomvi wote huu ni wa maneno, na nzi ni nzi. Laiti ungekuwa hivyo. Jamaa wa tinman yumo katika miili yetu, na jina lake ni NKX2-5. Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani walieleza familia ambazo badiliko la jeni hiyo lilifuatana na tundu katika ukuta utenganishao vyumba vya juu vya moyo, pamoja na kuchelewa kwa ishara ya mapigo. Lakini katika ukoo mmoja, wenye badiliko moja, mtu huyu huwa na tundu la namna hii, yule huwa na kasoro ya namna nyingine. Katika panya aliyenyimwa jeni hiyo kabisa, jambo lililoelezwa mwaka wa 1995, mrija wa moyo huundwa na hupiga, ila haujikunji unavyopaswa, na kiinitete hufa. Hata hapa jeni ni ya lazima, wala si mfanyaji peke yake. Na mwaka wa 2003 ilielezwa habari ya familia yenye badiliko katika GATA4, jamaa wa pannier. Protini yao ilikuwa imepungukiwa na uwezo wa kushikana na protini nyingine ya moyo, TBX5. Ugonjwa wao haukuwa wa mfalme aliyepinduliwa. Ulikuwa wa mikono miwili iliyoachana.

Sasa mfikirie mama aliyemleta mtoto mwenye tundu la moyo. Anaambiwa na kijana wetu, mhitimu aliyefaulu vizuri, kwamba mtoto ana jeni mbovu, nayo ndiyo jeni itawalayo moyo. Mama huyo hakusoma kromosomu, lakini neno "tawala" analijua. Anajua kwamba amri ya mtawala haina rufani. Atasikia hukumu mahali palipostahili kusikiwa habari ya hatari, na ya tiba, na ya tundu liwezalo kuzibwa na mikono ya wapasuaji. Atarudi nyumbani na mzigo. Na katika ukoo wa mume yatasemwa maneno juu ya damu ya upande wake, na binti zake wataulizwa maswali siku za posa. Kijana hakusema uwongo kwa kukusudia. Alitumia neno alilofundishwa. Aliyemfundisha ndiye niliyemwandikia makala haya.

Wako pia wale ambao husikia mabishano kama haya wakasema, basi na tuifundishe elimu hii kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakiiwezi. Siwajibu kwa maneno mengi. Maradhi ya mtawala hayakuzaliwa katika Kiswahili. Yalizaliwa katika lugha za huko zilikotoka jeni hizi, na wataalamu wa huko wenyewe wamekuwa wakiyapigania. Sisi tuliyapokea kwa tafsiri ya haraka, kwa kuona kwamba neno la kigeni lenye cheo lazima lijibiwe na neno letu lenye cheo. Mfasiri mwema hafasiri neno peke yake; huuliza kwanza kama neno hilo ni la kweli kule lilikotoka.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, protini hizi ziitwe virekebishi vya jeni. Kurekebisha ni kazi ya mtu ashikaye utambi wa taa, akaupandisha au akaushusha. Hakuufanya moto, wala hakuyafanya mafuta, lakini pasipo mkono wake chumba kitakuwa giza au kitajaa moshi. Pili, tusiseme "jeni ya moyo" wala "jeni ya damu" pasipo kueleza mahali, wakati na wenzi. Mtu aseme: tinman, katika tabaka la kati la upande wa mgongo, pamoja na pannier na Dorsocross, baada ya Dpp na Wingless kufika. Ni maneno mengi, lakini ni ya kweli, na ukweli hauuzwi kwa rejareja. Tatu, na hili nawaomba walimu wenzangu wa idara zote mbili, ya lugha na ya viumbe, tuyageuze maswali ya mitihani. Mwanafunzi asiulizwe tena, "Taja jeni itawalayo ujenzi wa moyo wa nzi," maana atajibu neno moja, apewe alama, na asiwe amejua kitu. Aulizwe, "Seli mbili zimezaliwa na mama mmoja, zina jeni zile zile, moja imekuwa ya moyo na moja imekuwa ya damu. Eleza ni mambo gani yaliyokutana." Atakayelijibu swali hilo ameifahamu elimu hii. Na atakapokutana na yule mama, atakuwa na la kumwambia.